Ifunge Simu Yako Hata Kwangu

Onduparaka, Arua
Alasiri, kesho ukiwa safarini

Ayikoru binti yangu,

Shangazi yako Ezaru yuko jikoni anasaga karanga za kukufikisha Arusha, na kila akipita mlangoni ananitupia jicho kama msimamizi wa mtihani anayeona mtahiniwa hajaandika kitu. Anadhani naandika maagizo: chukua sweta, usikae nyuma ya dereva, piga simu ukifika Kampala. Hayo ameshakuambia yeye, akina mama wa kanisani wameyarudia, na wewe umeitikia wote bila kuchoka. Mimi sina agizo. Nina jambo nililolificha tangu mama yako akiwa hai, na daktari amenieleza kwa upole mwingi kwamba moyo wangu hautangoja mpaka niwe jasiri.

Naandika kwa kalamu kwa sababu vidole vinatetemeka na kioo cha simu hakinielewi tena. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Mama yako Kiden, Mkakwa wa Koboko, na mimi Mlugbara wa Ajia, hakuna aliyekuwa na haraka ya kujifunza lugha ya mwenzake. Tukakutana katika Kiswahili cha sokoni, na wewe ukazaliwa humo. Baadaye mimi nilikwenda kusomea kile cha vitabuni nikakifundisha mpaka nikastaafu. Ninyi wawili mkaendelea na chenu, mkinicheka kila niliposema "kwa hakika".

Nitaanza na siku ya yule mtu wa salamu, kwa sababu hiyo unaijua, na kupitia hiyo huenda nikapata miguu ya kufika kwenye ile usiyoijua.

Mtu alinipigia asubuhi, akanisalimia kwa Kilugbara cha heshima. Hakuruka kitu. Aliuliza nyumba imeamkaje, mihogo imeendeleaje, miguu yangu imepungua kuvimba, kisha akashusha sauti akanipa pole ya mama yako kana kwamba alikuwa msibani. Unajua kwetu ilivyo. Mtu akishamaliza kukusalimia hivyo, huwezi tena kumuuliza wewe ni nani. Kumuuliza ni kumwambia kwamba salamu zake zote zilikuwa bure. Kwa hiyo nilikaa nikimtafuta kichwani, nikidhani ni mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, na nikiona haya kwamba nimemsahau.

"Mwalimu," akasema, "nimekosea, namba za kikao cha ukoo zimeingia kwako. Ziko kwenye ujumbe. Hebu nisomee."

Nikavaa miwani, nikamsomea. Akazirudia, akakosea moja. Na mimi nikamsahihisha! "Si tatu, ni nane. Sikiliza vizuri." Akacheka akasema, "Mwalimu, hujabadilika." Nikakata simu nikiwa nimefurahi kuliko nilivyofurahi wiki nzima.

Kufika mchana, wasapu yangu ilikuwa mikononi mwake, na alikuwa anawaandikia watu wote ninaowajua kwamba nimezidiwa na natafuta msaada wa matibabu. Mimi sikujua lolote. Nilijua pale mzee Adrabo, rafiki yangu wa utotoni, aliposhuka kwenye boda mbele ya mlango akiwa na kuku mkononi, akitoka Ajia, akanikuta nimekaa nakula embe.

"Kumbe uko hai!" akasema, na sauti yake haikuwa ya furaha. "Tena unakula! Sasa huyu alisema iko kwa oksijeni ni nani?"

"Nani alisema?"

"Wewe! Wewe mwenyewe uliandika!" Akanitikisia yule kuku usoni. "Sikia, huyu siwezi kurudisha. Amenichafua suruali kutoka Ajia mpaka hapa. Kama si mgonjwa, utaugua baadaye. Chukua."

Ulipofika kutoka dukani kwako ulitukuta tumekaa, wazee wawili na kuku mmoja. Uliitazama simu yangu kidogo tu.

"Baba, ulisomea mutu namba?"

"Alinisalimia vizuri," nikasema. Huo ndio uliokuwa utetezi wangu wote, mimi niliyesoma mpaka chuo.

Nilingoja unikemee. Ulivuta kigoda ukakaa, ukasema, "Iko hivyo, Baba. Mwizi ya siku hizi iko na adabu kuliko sisi." Mzee Adrabo akacheka mpaka akakohoa, na aibu yangu ikapungua nusu. Kisha ukafanya kazi. Uliomba namba mpya ziletwe kwenye laini yangu, ukamtoa yule mtu kabla hajajifungia ndani, halafu ukachukua ile katochi yako, simu ndogo ya vibonye, ukawapigia watu mmoja mmoja, ukimsalimia kila mmoja salamu kamili kabla ya kumwambia kwamba Baba yuko salama na asitume kitu. Hukukatisha salamu hata ya mtu mmoja, ingawa kila dakika ilikuwa na hasara yake. Nilikaa nikikutazama. Ulikuwa umeelewa kwamba yule mwizi aliingia kwa mlango wetu wa heshima, na hukutaka tuuzibe mlango huo kwa ajili yake.

Halafu ukanigeukia mimi. "Nenosiri yako iko nini?"

Nikakuambia kwa kunong'ona. Lilikuwa jina la timu ya mtaa wetu na mwaka ilipopanda daraja.

"Baba! Hii iko kwa mgongo ya fulana ya kila mutu Onduparaka!"

Ni kweli. Nadhani siku ile nusu ya mtaa huu ingeweza kufungua simu za nusu nyingine. Ulinifundisha kuunganisha maneno ambayo hayajawahi kukaa pamoja, marefu, ya kutoka katika maisha yangu lakini si ya kusimuliwa. Ulinionyesha ile programu inayotunza manenosiri, mimi nikumbuke moja na yenyewe ikumbuke mengine. Ukaweka kufuli ya pili kwenye wasapu, namba nitakayochagua mwenyewe. Na hapo ulifanya jambo ambalo limenikaa moyoni kuliko yote. Uliniwekea simu mkononi, ukageuza uso ukatazama ukuta.

"Andika," ukasema. "Usiniambie."

"Wewe ni mwanangu. Nikiisahau je?"

"Ukisahau tutatengeneza. Lakini hiyo namba usipe mutu. Hata mimi."

Nikaandika huku wewe ukitazama ukuta, nikafuta, nikaandika tena.

Jioni nilikuambia kilichoniuma. Nilisema si aibu, wala si pesa za waliotuma. Ni kwamba mtu amechukua jina langu akaongea nalo, kwa Kiswahili kinachofanana na changu, akaniwekea hata nukta pale ninapoweka nukta. Wewe ulikuwa unaosha vyombo. Ulisema bila kugeuka, "Hiyo ndiyo wizi yenyewe, Baba. Vitu vingine inarudi. Lakini mutu akiandika kwa jina yako, wengine watabaki wanaamini ilikuwa wewe."

Nikaenda kulala. Ulidhani nimechoka.

Ayikoru, mimi niliwahi kuandika kwa jina lako.

Unakumbuka ule mwaka mama yako alipoanza kudhoofika akataka kukaa kwa ndugu zake Koboko. Ulikwenda kumuuguza. Ulichukua katochi, kwa sababu umeme wa huko haukuaminika na katochi inakaa na chaji, ukaacha simu kubwa hapa mezani. Wakati ule ilikuwa simu ya nyumba. Hakuna aliyeiita yako wala yangu. Jirani akitaka kutazama matokeo ya mpira aliichukua, shangazi yako akitaka picha za harusi aliichukua. Barua pepe zako zilikuwa humo, wazi, kama nguo zilizoanikwa kwenye kamba ya ua. Sisi huku hatukuona kosa. Tulidhani kufunga kitu ndani ya nyumba ni kumtukana uliyenaye.

Barua ikaja kutoka Nairobi. Kile chuo ulichokuwa umeomba, cha kujifunza kulinda kompyuta na mitambo ya simu. Walikuwa wamekupokea. Walikusifu. Walisema kazi uliyowatumia ilikuwa miongoni mwa zilizowafurahisha, na wakaomba uwajibu kabla ya wiki kwisha.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Nilijivuna sana, nataka ujue hilo, nilijivuna mpaka nikatafuta mtu wa kumwambia. Nyumba ilikuwa tupu. Na kwa kuwa ilikuwa tupu, nilianza kuiona itakavyokuwa: mama yako hayupo, nawe hupo, mimi na redio. Nikakaa. Nikawajibu kwa Kiingereza kizuri, kwa jina lako, kwamba unashukuru lakini hali ya familia haikuruhusu. Nikaweka salamu za mwisho jinsi wewe unavyoziweka. Halafu nikaifuta barua yao, nikafuta na jibu langu, nikaingia hata mahali panapokaa vilivyofutwa nikapasafisha. Mimi ambaye baadaye sikujua namba gani haisomewi mtu, siku ile nilijua kila kitu.

Jioni mama yako alipiga kutoka Koboko. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo. "Hawa watu ya Nairobi wanasema nini?"

"Bado," nikasema.

"Kama wanachukua yeye, usishike yeye. Mimi nilitoka Koboko kwa baba yangu, na hakushika mimi."

"Sawa, Kiden," nikasema. Alikufa akiamini sawa ile.

Kilichofuata ndicho kinachoniamsha. Ulirudi, tukamaliza matanga, ukangoja. Ukafungua ile simu asubuhi na jioni. Mwishowe ukaniletea maombi yako ukaniomba nikuonyeshe ulipokosea, kwa sababu mimi ni mwalimu. Nami nilikaa nawe kwenye meza hii hii nikarekebisha Kiingereza cha barua ambayo haikuwa na kosa. Nilihamisha koma. Nilikuambia aya ya pili ingekuwa na nguvu zaidi ikifupishwa. Ulisema, "Kumbe. Asante, Baba." Nilikufanya uamini kwamba hukutosha, na ulikuwa umetosha.

Sikuambii haya ili unisamehe haraka. Wewe una tabia ya kupokea pole ya mtu kabla hajamaliza kuitoa, na jibu la haraka linaweza kuwa adabu tu. Wala sijaificha barua hii chini ya nguo zako uikute basi likishapita Pakwach. Nakupa mkononi leo, kabla jua halijazama, uamue mambo yako ukijua. Nimeshakuamulia vya kutosha gizani.

Ila niruhusu niseme nilichokiona baada ya hapo, kwa kuwa sidhani kama nimewahi kukuambia.

Mtu mwingine angekaa kwenye kiti akaoza. Wewe ulinunua simu yako mwenyewe ukaifunga, na hukusema neno juu ya kufuli ile. Nami sikuuliza, nikijua vizuri kwa nini isingepaswa kuwa wazi. Ukafungua kile kibanda mjini, na siku za soko ukawa unakwenda Inde na Koboko. Mara ile nilipokusindikiza Koboko kuweka maua kwa mama yako, nilikaa kwenye benchi lako nikakuona ukifanya kazi. Alikuja mama mmoja, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, simu yake imepasuka kioo na imejaa mpaka haipigi picha. Alikuwa amefuta picha za watoto wake kupunguza mzigo, na bado simu ilikuwa nzito.

"Mama, hii programu ya kusafisha simu ulitoa wapi?"

"Ilikuja yenyewe. Kila asubuhi inaniambia simu iko mgonjwa."

"Inasema hivyo kwa sababu inataka kuwa daktari. Yenyewe ndiyo uchafu."

"Wee! Na mimi naitii kila siku kama mume!"

Benchi zima lilicheka. Ukaitoa, ukamtafutia picha zake pale simu inapoweka vilivyofutwa kabla havijapotea kabisa, ukazipata, ukamwekea nakala mahali pengine, pamoja na picha za vyeti vya shule vya watoto. Akakuonyesha programu ya tochi aliyoipakua, inayoomba kusoma majina yote ya watu wake. Ukamuuliza, "Tochi inataka majina ya ndugu zako ya nini? Inakwenda kuposa?" Na yule mama, ambaye hajui kusoma Kiingereza, akabonyeza kataa kwa kidole chake mwenyewe, kwa nguvu, kama anayeua mdudu.

Njiani kurudi nilikuuliza unajuaje programu ipi ni nzuri. Nilitegemea maneno makubwa. Ulisema unatazama kama inafanya kazi bando likiisha, inakuomba ruhusa gani na kwa kazi gani, na kama mtu akitaka kuiacha inamwachia vitu vyake. "Ile haikuachi uondoke na vitu yako," ulisema, "hiyo si programu, hiyo ni jela." Ulikuwa umechoka, ukalala kichwa kikigonga dirisha. Mimi sikulala. Nilikuwa nimekaa kando ya mwanamke aliyejifunza peke yake, kwa simu zilizopasuka na bando la kuungaunga, kile nilichomnyima kujifunza Nairobi, na badala ya kukiuza kwa majivuno anakigawa sokoni kwa utani. Nimefundisha watoto wengi wa watu. Sijui mwingine niliyemheshimu namna ile.

Sasa hawa wa Arusha, wenye mafunzo kama yale ya Nairobi, wamekuita. Safari hii barua ilikuja kwenye simu iliyofungwa, kwa hiyo imekufikia. Nilisikia ukipiga kelele za furaha uani, nikajua.

Na hapa nifike kwenye shauri langu, maana ninalo moja tu. Umewafundisha watu hapa wajihadhari na mgeni, na mgeni yupo, namjua, alinipa pole ya mke wangu. Lakini simu yako haikuanza kuhitaji kufuli kwa ajili yake. Iliihitaji kwa ajili ya mtu anayekupenda, aliye ndani ya nyumba, anayejua unavyoandika salamu zako za mwisho, na anayeogopa. Huyo hana haja ya kukudanganya upate kumsomea namba. Utaolewa labda, utakuwa na marafiki, utakuwa na watoto. Wapende wote. Ukiandika namba yako, wageuze nyuso watazame ukuta, kama ulivyonifanyia mimi. Anayekupenda vizuri atageuka bila kuombwa. Mimi sikugeuka.

Bado ni mtu yule yule, usinidhanie nimetakata. Jana shangazi yako alinijia chumbani akasema, "Mwambie abaki. Wewe kohoa mara moja tu mbele yake, atafungua begi mwenyewe. Nani atakugeuza kitandani, mimi na mgongo huu?" Nikamwambia aache upuuzi. Halafu jioni ulipoleta uji, nilikohoa. Nilikohoa zaidi ya ugonjwa ulivyotaka. Uliweka kikombe chini, ukatazama begi lako pale pembeni, na nikaona uso wako unaanza kuhesabu. Ndipo nikajua kwamba lazima niandike barua hii, na niiandike upesi.

Utakwenda kesho. Mtu wa kunigeuza yupo: mke wa jirani amekubali kuja kumsaidia shangazi yako, na nimeona anavyonyanyua mtungi, mimi si kitu kwake. Siku ya kuja kunizika ikifika, atakayekuita ni Ezaru, kwa sauti yake, si kwa maandishi. Kaeni leo jioni, ninyi wawili, mchague swali ambalo jibu lake analijua yeye na wewe tu. Akipiga, muulize kwanza. Akijibu sawa, panda basi. Swali hilo msiniambie mimi.

Kabla ya hapo, kuna siku utapokea ujumbe kutoka kwenye simu yangu ukikuambia rudi. Utaandikwa vizuri. Utataja jina la mama yako, utasema nimezidiwa, na nukta zitakuwa mahali pake. Usirudi. Usihangaike kumpigia mtu wa kampuni, wala usibadilishe nenosiri langu. Hakuna aliyeingia. Nitakuwa ni mimi.

Baba yako